Shaba ya kesho, bei ya leo

Mei 2016 kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan ilitangaza kwamba inauza sehemu yake ya mgodi wa Tenke Fungurume, mkoani Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mnunuzi alikuwa China Molybdenum, ambayo leo tunaijua kwa jina la CMOC. Asilimia 56 ya mgodi ilikwenda kwa dola bilioni 2.65. Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo, ilibaki na asilimia zake 20. Siku zile tani moja ya shaba katika Soko la Metali la London haikufika dola 5,000. Miaka mitano baadaye, Mei 2021, tani hiyohiyo ilivuka dola 10,000.

Ukitazama nyuma ni rahisi kusema Wamarekani walikuwa wajinga na Wachina wajanja. Hoja hiyo husikika Kolwezi, mji mkuu wa Lualaba, na husikika Washington pia. Lakini Freeport ndiyo iliyoujenga mgodi ule, na uzalishaji ulipoanza mwaka 2009 ilikuwa imeshazamisha humo takriban dola bilioni 2. Iliujua mwamba wa Fungurume kuliko mnunuzi yeyote. Muuzaji na mnunuzi walisoma vipimo vilevile vya madini, wakatazama bei ileile ya London. Tofauti yao ilikuwa muda: mmoja aliweza kusubiri, mwingine hakuweza.

Mwaka 2013 Freeport ilinunua kampuni mbili za mafuta na gesi. Pipa la mafuta wakati huo liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30, na Freeport ilikuwa imebeba deni la takriban dola bilioni 20. Mgodi utakaolipa kwa miongo kadhaa hauwezi kumwokoa mtu ambaye wadai wake wanataka fedha mwaka huu. Mnunuzi kwa upande wake alikuja na fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya mabenki ya China, yenye masharti ambayo kampuni ya Marekani iliyozidiwa na madeni isingeweza kuyaota.

Nimekuwa nikifuatilia mauzo ya migodi ya Kolwezi kwa muda mrefu, na kila ninapoyarudia nakutana na jambo hilihili. Tunabishana kuhusu wingi wa shaba, kuhusu siasa, kuhusu nani alimhonga nani. Yote hayo yana uzito wake. Lakini chini yake kuna hesabu moja ambayo wananchi wa Lualaba hawajawahi kuelezwa waziwazi, nayo ndiyo iliyoamua nani anamiliki nini katika mkoa wao.

Hesabu yenyewe

Chukua mali yoyote inayozaa: nyumba ya kupangisha mtaani Manika, hati fungani ya serikali, hisa za kampuni, au mgodi. Thamani yake leo ni jumla ya fedha zote itakazoleta huko mbele, kila fungu likiwa limepunguzwa kulingana na umbali wake na mashaka yanayolizunguka. Dola 1,000 utakayolipwa baada ya miaka kumi si dola 1,000 ya leo. Ukiwa mtu ambaye fedha yake ingeweza kuzaa asilimia 8 kwa mwaka mahali pengine, ahadi hiyo ina thamani ya dola 463 tu mkononi mwako. Kwa mtu anayehitaji asilimia 20 ndipo aridhike, ahadi hiyohiyo haizidi dola 162.

Sasa tuseme kuna mgodi utakaoleta faida ya dola milioni 100 kila mwaka kwa miaka ishirini. Kampuni inayopunguza kwa asilimia 8 itaona mali ya dola milioni 982. Kampuni inayopunguza kwa asilimia 20 itaona mali ya dola milioni 487. Mwamba ni mmoja, mashine ni zilezile, na kodi ni ileile, lakini thamani imekatika nusu. Hapo hapahitajiki udanganyifu wowote ili mali ibadilishe mikono: yule wa pili atauza kwa dola milioni 600 na kwenda nyumbani akiwa na furaha, na yule wa kwanza atanunua akiwa na furaha zaidi.

Kiwango hicho cha punguzo hutokana na mambo mawili. La kwanza ni gharama ya fedha yenyewe, yaani riba anayotozwa mwekezaji au faida ambayo wenye mtaji wanaitarajia. La pili ni hatari. Kwenye hatari, wataalamu wa fedha waligundua jambo ambalo Kolwezi inalihusu sana. Harry Markowitz alionyesha mwaka 1952 kwamba hatari ya mali moja haipimwi peke yake. Hupimwa kwa namna inavyokaa pamoja na mali nyingine alizonazo mtu. William Sharpe akaendelea mwaka 1964: soko halikulipi kwa kubeba hatari ambayo ungeweza kuiondoa kwa kutawanya mali zako. Linakulipa kwa ile isiyotawanyika tu.

Mfuko wa pensheni wa Toronto au wa Shanghai wenye hisa za shaba ya Lualaba una pia hisa za madawa, za mabenki na za simu. Shaba ikianguka, kitu kingine huenda kikapanda. Familia ya Kolwezi haina nafasi hiyo. Mshahara wa baba unatoka mgodini au kwa mkandarasi wa mgodi, biashara ya mama sokoni inategemea mishahara ya mgodini, kodi ya chumba wanachopangisha inapanda na kushuka na shaba, na bajeti ya mkoa unaoendesha barabara na hospitali inalipwa na shaba. Kuanzia katikati ya 2008 hadi mwisho wa mwaka huo tani ya shaba ilishuka kutoka zaidi ya dola 8,000 hadi chini ya 3,000. Makampuni mengi ya Katanga yalisimamisha kazi, na mji mzima uliyumba kwa pamoja, kwa sababu hapakuwa na mguu mwingine wa kuegemea.

Kwa hiyo shaba ni hatari zaidi kwa Mkongo wa Lualaba kuliko kwa mgeni anayeishikilia kutoka mbali, na kanuni hiyohiyo inasema kitu chenye hatari zaidi kwako kina thamani ndogo zaidi mikononi mwako. Jambo hili linanisikitisha kila ninapolifikiria. Wale walioketi juu ya utajiri ndio ambao, kwa hesabu za soko, wana sababu kubwa zaidi ya kuuza mapema na kwa bei ya chini.

Musompo

Nenda Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, ambako depo za wanunuzi zimejipanga kandokando ya barabara. Mchimbaji mdogo anafika na magunia ya heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Mnunuzi analipima kwa mashine ndogo ya mkononi inayoitwa Metorex, anasoma asilimia ya madini, anatazama ubao wa bei, anatoa fedha. Malalamiko ya wachimbaji kuhusu mashine hizo ni ya miaka mingi: kwamba zinasoma chini kuliko ukweli, kwamba mizani nayo imechezewa. Wengi wao hawana pa kupimisha kwingine.

Hata mashine ikisoma haki, mchimbaji bado angeuza jioni ileile. Hana ghala. Hana leseni ya kusafirisha nje. Mara nyingi shimo lenyewe lilifadhiliwa na mtu aliyetoa fedha za chakula, kamba na pampu katika wiki au miezi ya kuchimba kabla ya kufikia jiwe, na mfadhili huyo anadai fungu lake au anamtaka auze kwake kwa bei anayoipanga yeye. Akiugua mtoto, kuna likelemba, mchango wa zamu wa majirani, kama zamu yake imefika. Kama haijafika, kuna mkopo wa mtaani ambao Wakongo huuita Banque Lambert, na riba yake ya mwezi mmoja inaweza kuzidi riba ya benki ya mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia kobalti itapanda mwakani, atakusikiliza kwa heshima na kuendelea kuhesabu noti zake. Kiwango chake cha punguzo hakiandikiki kwenye kitabu chochote cha chuo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wachambuzi wengi wanaowaita wachimbaji hawa watu wasioijua kesho hawajawahi kudaiwa na mfadhili wa shimo.

Kasulo ilionyesha jambo hilo kwa ukali. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba za mtaa huo wa Kolwezi kuna heterojeniti tajiri, baada ya mkazi mmoja kuchimba uani kwake. Katika muda mfupi watu walikuwa wakichimba ndani ya vyumba vyao, chini ya vitanda, na mashimo ya nyumba moja yakakutana na ya jirani. Kwa hesabu ya mtu ambaye kesho yake inamilikiwa na wengine, hakukuwa na wazimu wowote. Aliyesubiri angemwona jirani akilifikia jiwe lake kwa kupitia chini kwa chini, au serikali ikiuchukua mtaa wote. Na kweli, mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na haki ya kununua madini yake ikapewa kampuni ya Congo Dongfang Mining. Haki ya kumiliki inapokuwa na mashaka, subira inageuka hasara.

Serikali nayo ilikuwa na njaa

Gécamines ndiyo iliyorithi mali ya Union Minière du Haut-Katanga baada ya kutaifishwa mwishoni mwa 1966. Mwaka 1986 ilitoa takriban tani 476,000 za shaba. Kisha miaka ikapita bila mashine kufanyiwa matengenezo, fedha zikichotwa na utawala wa Kinshasa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapo Kolwezi, ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 20,000 kwa mwaka. Kampuni iliyowahi kujenga shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi ikawa haiwezi kulipa mishahara.

Mwenye mali wa hali hiyo anapokutana na mnunuzi, mazungumzo huwa mafupi. Gécamines ilitoa leseni moja baada ya nyingine kwa ubia ambao yenyewe ilibaki na asilimia 20, 25 au 30, pamoja na malipo ya papo hapo ya kuingilia mlangoni. Hayo malipo ya papo hapo ndiyo ya kuangaliwa. Wenye haraka hupendelea fedha za mbele kuliko fungu kubwa la gawio la miaka kumi ijayo, na anayekuja kujadiliana nao analijua hilo.

Kilele chake kilikuwa mwaka 2011. Gécamines iliuza asilimia 20 ya mgodi wa Mutanda, ulio mashariki ya Kolwezi kwenye barabara ya Likasi, kwa dola milioni 120, kwa kampuni iliyohusishwa na mfanyabiashara wa Kiisraeli Dan Gertler. Makadirio ya kibiashara yaliiweka sehemu hiyo juu ya dola milioni 600. Jopo la Maendeleo ya Afrika, lililoongozwa na Kofi Annan, lilichunguza mauzo matano ya namna hiyo ya kati ya 2010 na 2012, na ripoti yake ya 2013 ikasema Kongo ilipoteza angalau dola bilioni 1.36, zaidi ya bajeti za afya na elimu za mwaka mzima zikiunganishwa. Marekani ilimwekea Gertler vikwazo Desemba 2017.

Hapa lazima niwe wazi, maana hesabu ya subira isije ikawa kisingizio. Njaa ya Gécamines inaeleza kwa nini ingeuza kwa nusu ya thamani. Haielezi kwa nini ingeuza kwa moja ya tano, kimyakimya, bila zabuni. Mali inayouzwa bila mnada haina bei. Ina makubaliano ya watu wawili tu. Mnada wa wazi ungekuwa na maana kwa sababu ungewaingiza mlangoni wale wanunuzi wenye punguzo dogo, ambao mali hiyohiyo kwao ina thamani kubwa, na ushindani wao ungeisukuma bei iwafikie. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mkopo wake kwa Kongo mwaka 2012 kwa sababu Gécamines haikutaka kuweka hadharani mkataba wa mauzo mengine ya aina hiyo. Usiri ule uliwagharimu Wakongo mara mbili.

Kuna gharama ya tatu, nayo hukaa muda mrefu. Agosti 2009 serikali ilifuta mkataba wa kampuni ya Kanada ya First Quantum katika mradi wa kuchakata upya matope ya mabaki ya zamani ya Kolwezi, yaliyojaa shaba na kobalti ambayo mitambo ya enzi zile ilishindwa kuikamata. Mwaka uliofuata kampuni ya madini ya ENRC ilinunua asilimia 50.5 ya kampuni iliyomiliki sehemu kubwa ya mradi huo kwa dola milioni 175. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mali ilikuwa na kesi. Januari 2012 ENRC ilikubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25 ili kesi ziishe. Mradi, kwa jina la Metalkol, ulianza kuzalisha 2018 tu. Kila mwekezaji aliyeisoma habari hiyo aliongeza alama chache kwenye kiwango chake cha punguzo kwa Kongo yote, na mwekezaji mwaminifu aliyefuata akatoa bei ndogo zaidi kuliko ambayo angetoa. Kufuta mkataba mmoja hushusha bei ya mikataba ambayo bado haijaandikwa.

Deni ndani ya nyumba

Asilimia 25 ya mgodi haimaanishi asilimia 25 ya fedha. Mwaka 2018 Kamoto Copper Company, KCC, ilikuwa ya kundi la Glencore kwa asilimia 75 na Gécamines kwa 25. Ujenzi wake mpya uligharimiwa kwa mikopo kutoka kwa kampuni mama, na riba ya mikopo hiyo ikatangulia mbele ya gawio mwaka baada ya mwaka. Mkopeshaji alilipwa. Mwenye hisa alisubiri. Aprili 2018 Gécamines ilikwenda mahakamani kutaka KCC ivunjwe kwa sababu madeni yalikuwa yamemeza mtaji wake. Juni mwaka huo wakapatana: deni la dola bilioni 5.6 likageuzwa kuwa hisa, na Gécamines ikalipwa dola milioni 150 kumaliza migogoro ya zamani.

Kesi ile ilikuwa somo kubwa kwa Lualaba, na nadhani haijafundishwa vya kutosha. Mkongo anayesoma mkataba aanze na ukurasa wa mikopo: nani anaikopesha kampuni, kwa riba gani, na nani analipwa kwanza. Asilimia za hisa zije baadaye.

Ndivyo ilivyo pia kwa akiba ya madini. Kwa kuwa bei ya mgodi ni jumla ya miaka yake, kuongeza miaka kumi ya shaba kwenye hesabu kunabadilisha kila kitu, na Gécamines ilipodai kwamba CMOC haikuripoti akiba yote iliyogunduliwa Tenke Fungurume, ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi cha kusimamisha usafirishaji wa mgodi ule kuanzia Julai 2022. Uliisha Aprili 2023 kwa CMOC kukubali kulipa dola milioni 800 kwa miaka sita, pamoja na gawio lisilopungua dola bilioni 1.2 katika uhai wa mradi.

Mkataba wa Sicomines kati ya Kongo na makampuni ya China, wa mwaka 2008, ambamo shaba ya Kolwezi inalipia barabara na hospitali, ulirekebishwa Machi 2024 hadi kufikia dola bilioni 7 za miundombinu. Malipo ya kila mwaka yamefungwa na sharti kwamba shaba ibaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Yaani bei ikianguka, barabara nazo zinasimama, katika mwaka uleule ambao watu wa Lualaba wangezihitaji zaidi. Hatari ile isiyotawanyika imerudishwa kwa mtu asiyeweza kuitawanya.

Haki ya kufunga lango

Mwaka 1985 wasomi wawili, Michael Brennan na Eduardo Schwartz, walichapisha kazi iliyobadilisha namna ya kuthamini migodi. Mfano walioutumia ulikuwa mgodi wa shaba. Hoja yao: mwenye mgodi ana kitu cha ziada kuliko shaba, ana haki ya kuufunga bei ikiwa mbaya na kuufungua bei ikirudi. Haki hiyo ina thamani, na thamani yake hukua kadiri bei inavyoyumba. Ndiyo maana mgodi unaopata hasara leo unaweza kuuzwa kwa mamilioni.

Mutanda ulikuja kuwa mfano hai. Kobalti ilipanda hadi zaidi ya dola 90,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018, kisha ikaporomoka hadi chini ya 30,000 katikati ya 2019. Agosti 2019 Glencore ilitangaza kwamba inaufunga Mutanda, uliokuwa mgodi mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti. Madini yakabaki ardhini. Bei ilipopona, mgodi ukafunguliwa tena, na katika nusu ya kwanza ya 2022 kobalti ilikuwa imerudi juu ya dola 80,000. Kwa mwenye hisa huo ulikuwa uamuzi mzuri wa kitabuni.

Lakini haki ya kufunga ni ya upande mmoja. Fundi wa Mutanda hakuwa na haki ya kuahirisha ada ya shule mpaka kobalti ipande. Sheria ya madini ya 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati, ikatozwa asilimia 10. Ikaweka pia kodi ya asilimia 50 kwenye faida ya ziada pale bei inapozidi kwa robo ile iliyoandikwa kwenye upembuzi yakinifu wa mradi. Yote haya yanagusa mwaka wa uzalishaji. Mwaka wa kufunga lango hakuna mrabaha wala kodi hiyo ya kulipwa, na sioni kifungu kinachomtaka mwenye haki hiyo aweke akiba kwa ajili ya mji atakaouacha unasubiri.

Nchi nzima inajaribu kusubiri

Mwanzoni mwa 2025 kobalti ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na CMOC peke yake, kwa migodi yake ya Tenke Fungurume na Kisanfu, ilikuwa imeongeza uzalishaji hadi kufurika. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wote wa kobalti nje ya nchi. Ikarefusha zuio mwezi Juni. Tangu tarehe 16 Oktoba kukawa na mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, na tani 96,600 kwa kila mmoja wa miaka ya 2026 na 2027. Kufikia mwisho wa 2025 bei ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya Februari.

Harold Hotelling aliliandikia jambo hili mwaka 1931. Madini yaliyo ardhini ni mali kama fedha iliyo benki, na mwenye nayo anapaswa kujiuliza kila mwaka: je, bei ya jiwe hili itapanda kwa kasi ya riba? Ikiwa itapanda, liache. Ikiwa haitapanda, litoe, uliuze, na fedha zake uziweke penye kuzaa. Kwa mara ya kwanza katika kizazi hiki, Kongo imejiuliza swali hilo kwa vitendo badala ya kuuza kila kilichotoka shimoni. Naunga mkono uamuzi ule. Nauogopa pia, kwa sababu betri zisizo na kobalti zipo na zinaenea, hasa China, na kila mwezi wa bei ya juu huwapa watengenezaji sababu ya kuhama. Tena sehemu ya pili ya hesabu ya Hotelling ndiyo ngumu: kile kinachouzwa kigeuzwe kuwa mali nyingine. Sheria imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mfuko huo utastahili jina lake tu siku mwananchi wa Kolwezi atakapoweza kusoma salio lake na mahali fedha zilipowekwa.

Swali langu la mwisho ni la Musompo. Subira ya 2025 ililipwa na nani? Kwa makampuni makubwa kobalti hutoka pamoja na shaba. Wakati wa zuio waliendelea kuchimba na kuuza shaba, na kobalti wakairundika maghalani. Mgao nao umegawanywa kwa kufuata rekodi za usafirishaji wa miaka iliyopita, na rekodi hizo ni za wenye leseni. Mchimbaji mdogo hakuwa na ghala wala rekodi.

Afrika Mashariki ina uzoefu ambao Lualaba ingeweza kuutazama. Wakulima wa korosho wa kusini mwa Tanzania wanauza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu 2007: mazao yanapimwa na kuhifadhiwa, mkulima anapewa hati, na mnada wa wazi unafanyika baadaye. Mfumo huo umekuwa na lawama zake, malipo kuchelewa na makato mengi, na wakulima wameudai urekebishwe. Geita, soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019 limempa mchimbaji mdogo mahali pa kupima mzigo wake mbele ya maofisa na kuiona bei ya siku. Kolwezi tayari ina chombo: Entreprise Générale du Cobalt, iliyoundwa 2019 na kupewa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Kinachokosekana ni mtaji wa kununua kila siku, ghala la kupokea magunia kwa hati yenye thamani benki, na mashine ya kupima isiyo ya mnunuzi.

Katika ule mgao wa 2026, tani 9,600 zimewekwa kando chini ya mamlaka ya udhibiti, ARECOMS, kama fungu la kimkakati. Sehemu ya tani hizo ingeweza kutengwa kwa ajili ya magunia ya Musompo, kwa bei inayotangazwa ubaoni kila asubuhi. Uamuzi huo hauhitaji sheria mpya wala mwekezaji mpya. Unahitaji saini Kinshasa, na watu wa Lualaba wana haki ya kuuliza itatiwa lini.